Fundi wa Juu na Chaneli ya Sita

Mama Pindo hakuwahi kununua karatasi ya kukatia nguo hata siku moja. Miaka ishirini na sita alishona kwenye chumba kimoja juu ya mgongo wa mlima, dirisha moja likitazama msitu wa kupandwa na mlango ukitazama kiwanda cha mbao kule chini, na miaka yote hiyo karatasi zilimjia zenyewe. Magazeti, barua za shule, maboksi ya viatu, yote yalipita chini ya mkasi wake. Kalenda ya mwaka juzi ilikuwa mgongo wa shati la mwalimu mkuu. Tangazo la mkutano wa wazazi lilikuwa mkono wa gauni. Vipande alivitoboa na kuvitundika kwenye misumari ukutani, na mteja akirudi baada ya miaka mitatu, fundi alinyoosha mkono na kutungua kipande chake bila hata kumwuliza jina. Wenye kuumbuka walikuwa wale walioandika kitu cha maana kwenye karatasi na kuisahau mezani kwake.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Binti huyo, badala ya kurithi cherehani, alijiunga na kikosi cha zimamoto cha msitu, akawa mshika bomba kwenye gari la maji lililoitwa Tanki Tatu. Mama alilia siku mbili, akasusa chakula, kisha akamshonea sare kwa mkono wake mwenyewe, maana zile za kazini zilimkaa kama gunia. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kila moshi ulipoonekana msituni, cherehani ilisimama, na Mama Pindo akawa wa kwenda dirishani na kurudi, dirishani na kurudi, mpaka binti arudi nyumbani akiwa mweusi kwa masizi. Ndipo binti alipomhurumia akamletea skana.

Ilikuwa na ukubwa wa mche wa sabuni, antena juu, vitufe mbele na swichi ya kuzungusha ubavuni.

"Mama, hii inasikia redio zetu za kazini," binti alisema. "Ukinisikia naongea, jua niko mzima. Endelea na kushona kwako."

"Na nikitaka kukujibu?"

"Huwezi. Skana ni sikio tu, haina mdomo. Kwako hiyo ni adhabu, najua."

Walicheka sana. Kisha binti akakaa mchana mzima akimfundisha maneno yake, hiki kinaitwa hivi na kile kinaitwa vile, na mama akaitikia "ehe, ehe" huku anatunga uzi kwenye sindano, kama mtu anayeitikia hotuba ya mgeni rasmi. Binti alimjua mama yake. Alichukua karatasi kubwa ngumu, akayaandika maneno yote pamoja na maana zake kwa herufi za kuonekana, akaibandika ukutani juu ya cherehani. Ilikaa pale wiki mbili. Wiki ya tatu Mama Pindo alipungukiwa karatasi ya kukatia kola, na nyie mnajua ilikokwenda.

Wala hakuona hasara. Skana aliiona rahisi. Namba za chaneli zilijipanga kwenye kioo, moja, mbili, tatu, zikikimbizana, na palipokuwa na mtu anaongea zilisimama hapo ukamsikia. Chaneli ya pili ndiyo ilikuwa ya kikosi chote, na humo alimsikia binti yake akitoa taarifa kwa sauti ya kikazi ambayo nyumbani hakuwa nayo. Mama Pindo aliipenda sauti ile. Aliwaambia wateja, "Nyamazeni, mwanangu anaongea na serikali."

Adha ilikuwa chaneli ya sita.

Chaneli ya sita madereva waliitumia wakiwa karibu karibu, na Tanki Tatu liliendeshwa na mtu mmoja mnene waliyemwita Taratibu, kwa sababu gari aliendesha polepole kama amebeba mayai. Mdomo wake ndio haukuwa na breki. Alikuwa mteja wa Mama Pindo, na suruali yake ya kazi ilikuwa pale kwenye msumari tangu miezi miwili iliyopita, akitaka ipanuliwe kiuno, naye fundi amekataa kwa ubishi wake wa kawaida, akimwambia suruali haina kosa, apunguze kula. Sasa binti alipofanya kosa la kumwambia Taratibu kwamba mama ana skana na anasikiliza, mzee yule akapata uwanja.

"Fundi wa juu, fundi wa juu, hapa Tanki Tatu!" Kila siku, saa yoyote. "Hata suruali niliyobaki nayo inabana! Jana nimepiga chafya, kifungo kimeruka kikampata msimamizi kwenye paji la uso. Anauliza nani kamrushia jiwe."

Wateja walivunjika mbavu. Mama Pindo mwenyewe aling'ata midomo asicheke, akiona kucheka ni kushindwa. Lakini siku moja alikuwa anampima mwalimu mkuu kiuno, tepu ikiwa haitoshi, na mwalimu mkuu amevuta tumbo ndani mpaka macho yamemtoka, skana ikasema, "Fundi wa juu, ukiona mteja kavuta tumbo ndani ujue ni mwongo kama mimi!" Mwalimu mkuu aliondoka hata vipimo havijaisha. Mama Pindo, uso ukimwaka, akabonyeza vitufe kimoja baada ya kingine mpaka Taratibu akanyamaza, na hakumsikia tena. Akazungusha na ile swichi ya ubavuni hadi mkwaruzo wote wa redio ukaisha kabisa. Chumba kikawa na adabu. Kwa mwezi mzima akashona kwa raha zake, akimsikia mwanawe tu.

Kisha ikaja siku ya moto.

Moshi ulianza saa nne asubuhi nyuma ya mabonde, na kufikia saa sita upepo ulikuwa umeugeuza ukawa ukuta. Watu wa mlimani walishateremka wote kwenda kusaidia kufyeka njia ya kuzuia moto karibu na kiwanda. Mama Pindo alibaki na goti lake bovu na skana yake. Alimsikia binti mara tatu kwenye chaneli ya pili. Mara ya tatu alisema, "Kituo, Tanki Tatu tunatafuta njia ya kutokea, huku mbele kumefungwa." Mtu wa Kituo, yaani ofisi ya kikosi kule kiwandani, alianza kujibu, sauti ikakatika katikati ya neno.

Mama Pindo aliangalia dirishani. Kilima cha mbele, kilichokuwa na mnara wa redio na mnara wa simu juu yake, kilikuwa kinawaka kuanzia chini hadi juu.

Alishika simu yake, haikuwa na mtandao. Alisogeza skana sikioni, nayo ilikuwa kimya. Dakika kumi, kimya. Robo saa, kimya. Namba zilikimbia kwenye kioo bila kusimama popote, na yeye akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani, akisema "Mungu wangu, Mungu wangu" bila kujua anaomba nini. Binti alimwambia ukinisikia jua niko mzima. Hakumwambia asipomsikia ajue nini, na hilo mama alilijaza mwenyewe pale sakafuni.

Kilichomwinua ni macho ya fundi. Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita akihesabu vifungo hawezi kuacha kuhesabu hata akifiwa. Nne, tano, saba, nane. Alitazama tena. Moja, mbili, tatu, nne, tano, saba. Sita haikuwepo. Palikuwa na pengo kama shati lililokosa kifungo, na mara akakumbuka mwalimu mkuu, na vitufe alivyobonyeza kwa hasira.

Alibonyeza kila kitu. Namba zilisimama, zikaondoka, zikasimama. Hakujua alichofanya wala namna ya kukitengua. Karatasi! Karatasi ya mwanangu iko wapi?

Akaurukia ukuta. Kulikuwa na misumari thelathini na kitu, kila msumari na rundo lake, na Mama Pindo akawa anatungua na kutupa, mikono ya mashati, mapaja ya suruali, magazeti yenye habari za watu waliokwisha kufa. Alijitukana kwa sauti. "Mwanamke mjinga, una shida gani na karatasi? Mtoto anakuandikia mkono wake unaufanya kola!" Machozi yalimziba macho ikabidi afute kwa kalenda. Kwenye msumari wa kumi na moja alikuta nusu ya kola ya mtoto, na juu yake herufi kubwa za binti.

*Mnara: unapokea sauti zetu na kuzirusha upya kwa nguvu. Ukizimika, wote tunahamia chaneli ya sita, tunaongea moja kwa moja, redio kwa redio. Sauti inakuwa dhaifu. Mlima ukiwa katikati hatusikiani.*

*Ruka: ukibonyeza, skana haitasimama tena kwenye chaneli hiyo. Kuirudisha*

Hapo mkasi ulikuwa umepita, kwa mviringo mzuri wa kola.

Mama Pindo alitoa sauti ambayo majirani wangekuwepo wangekuja mbio. Nusu ya pili ilikuwa msumari wa ishirini na tatu, imetobolewa katikati ya neno.

*nenda mpaka chaneli yenyewe kwa mkono, bonyeza Shikilia ili ibaki hapo, kisha Ruka tena.*

*Kimya: ni swichi ya ubavuni. Inazuia mkwaruzo. Lakini ukiikaza sana inazuia na watu walio mbali. Mama, ni kama tensheni ya uzi kwenye cherehani. Usikaze mno.*

Alikwenda mpaka sita kwa mkono. Shikilia. Ruka. Papo hapo sauti ya mwanamume ikaunguruma kwenye skana: "Tanki Tatu, Tanki Tatu, hapa Kituo, jibuni. Tanki Tatu, jibuni." Kimya. "Tanki Tatu, jibuni." Sauti ya Kituo ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuita mara nyingi, na hakuna aliyemjibu.

Basi akashika swichi ya ubavuni, akailegeza kidogo kidogo, kama anavyolegeza tensheni uzi unapokatika. Mkwaruzo ukaingia, ukajaa chumba kizima, na ndani ya mkwaruzo, mbali sana, kulikuwa na binti yake.

"... narudia mara ya kumi na saba. Kituo hawanisikii, na mimi siwasikii. Mama, kama uko nyumbani na unanisikia. Tuko korongo la machimbo ya zamani, chini ya daraja la magogo. Daraja limevunjika na gari. Nimebanwa mguu. Moto uko juu yetu pande mbili, bado haujashuka. Waambie wapite upande wa machimbo. Mama. Taratibu hanijibu tena."

"Nakusikia!" Mama Pindo alipiga kelele kwenye skana. "Mwanangu, nakusikia! Niko hapa!" Alikibonyeza kile kidude, alikitikisa, alikiwekea mdomo. Skana ni sikio tu.

"Narudia mara ya kumi na nane," binti alisema.

Akatoka. Viatu hakuvaa. Kutoka pale hadi kiwandani ni mteremko wa nusu saa kwa mwenye magoti, na yeye alikuwa na moja. Alikwenda akiwa ameishika skana sikioni, binti akimwongelea, chini ya daraja la magogo, upande wa machimbo, na hatua hamsini hazijaisha sauti ikaanza kuzama kwenye mkwaruzo. Mgongo wa mlima ulikuwa unaingia katikati yao. Alisimama. Akapanda hatua tano nyuma, binti akarudi: "Mama, kama unanisikia." Akashuka tano, binti akapotea.

Watu wanasimulia mashaka ya aina nyingi, lakini mimi sijui kama yako yanayoshinda ya mama yule pale njiani. Akibaki amsikie mwanawe mpaka mwisho, au aende amwache anaita peke yake, asijue akirudi kama kutakuwa na wa kusikika. Alikaa pale kitambo, mguu mmoja juu mmoja chini. Kisha akasema kwa sauti, "Nakuja," kana kwamba kuna mdomo wa kulipeleka neno hilo, akateremka.

Alianguka mara mbili. Kwenye mlango wa Kituo alimkuta mlinzi aliyenyoosha mkono. "Mama, raia hawaruhusiwi, kuna dharura."

"Dharura ndiyo mimi!" alisema, akampita.

Ndani kulikuwa na ramani mezani na watu watano wameinamia bonde la pili, mahali ambapo Tanki Tatu halikuwepo. Msimamizi aliinua kichwa akamwona mwanamke mwenye damu miguuni na nusu mbili za kola mkononi.

"Korongo la machimbo ya zamani," Mama Pindo alisema, hata pumzi hana. "Chini ya daraja la magogo. Limevunjika. Amebanwa mguu. Mpite upande wa machimbo. Anaita chaneli ya sita, ninyi mlima umewaziba, mimi niko juu nawasikia wote wawili."

Msimamizi hakuuliza swali hata moja. Alimtazama mwenzake, na yule mwenzake tayari alikuwa anakimbilia katapila.

Walimtoa binti jua likiwa bado linaonekana, jekundu ndani ya moshi. Mikono yote miwili ilikuwa imeungua kwa kujaribu kuinua chuma kilichokuwa cha moto, na mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, lakini alikuwa hai. Taratibu walimtoa baada yake, na wale waliombeba hawakuharakisha.

Siku ya tatu binti aliletwa nyumbani, mikono imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Mama alimlisha kwa kijiko kama zamani. Vipande vya karatasi vilikuwa bado vimetapakaa sakafuni, hakuna aliyevigusa. Binti akauliza alichokuwa amekuja nacho.

"Mama, mara ya ngapi ndiyo ulinisikia?"

Angeweza kudanganya. Nani angejua? Alisema, "Ya kumi na saba."

"Mnara ulikufa mapema. Daraja lilipovunjika, nilianza kukuita palepale. Ulikuwa umetoka?"

"Nilikuwa hapa." Mama Pindo aliitazama mikono yake mwenyewe. "Chaneli ya sita nilikuwa nimeiruka. Tangu mwezi uliopita. Kwa sababu ya kelele za Taratibu. Nilimnyamazisha mbele ya wateja, mwanangu, na sikumrudisha. Sikujua hata namna ya kumrudisha."

Binti hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Hakuacha kukusalimu," alisema. "Mwezi mzima. Kila asubuhi, fundi wa juu, fundi wa juu. Mimi nikimwambia mama anacheka huko, na yeye anafurahi. Hata siku ile kule korongoni. Kifua kilikuwa kimebanwa na usukani, hawezi kupumua vizuri, lakini mara ya kumi na mbili aliniomba nimshikie redio mdomoni aseme mwenyewe. Aliniambia wewe fundi hunisikilizi mimi mwanao, ila yeye utamsikia, maana mmezoea kugombana."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Fundi wa juu, leo si utani.'"

Mama Pindo alilia kwa sauti kubwa, na binti, asiyeweza kumshika kwa mikono ile, aliegemeza kichwa begani kwake, naye akalia. Walilia mpaka wakachoka.

Mazishi ya Taratibu yalikuwa kesho yake. Mchana wa siku hiyo ya tatu, binti alipolala, Mama Pindo aliiwasha skana, akahakikisha sita ipo kati ya tano na saba, akailegeza swichi ya ubavuni mpaka mkwaruzo ukajaa chumba. Mteja aliyechungulia mlangoni aliuliza kwa nini asizime ile kelele. Alikuwa ameitungua ile suruali ya Taratibu kwenye msumari, akaipindua, akachukua kiwembe na kuanza kufumua mshono wa kiuno. Aliipanua inchi mbili, kama mwenyewe alivyoomba.